Mzee anakohoa usiku kucha, nimtumie dawa gani?

Mtu_wa_FreeArea: Wadau, naomba msaada. Baba yuko nyumbani Kakamega, anakohoa usiku mpaka mama amehamia chumba kingine. Kikohozi ni kikavu, hana makohozi wala homa. Kemisti moja hapa Nakuru ina dawa mbili za maji: moja ya kikohozi kikavu, nyingine ya kikohozi na pua iliyoziba. Ipi bora? Matatu inaondoka saa nane, nataka kutuma parseli leo.

Nyar_Kondele: Pole ndugu yangu. Kwetu ni tangawizi, ndimu na asali. Ila asali hapewi mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja, hilo nilikatazwa kabisa kliniki nilipojifungua.

Boda_wa_Kibuye: Sasa mzee wa watu amekuwa mtoto mchanga! Mimi kikohozi kilinitoka nilipoacha sigara. Yeye anavuta?

Dada_wa_Famasia: Ana miaka mingapi, ameanza kukohoa lini, na anameza dawa gani nyingine?

Mtu_wa_FreeArea: Miaka 66. Havuti. Ni tangu Pasaka hivi. Dawa ni zile za kawaida za wazee.

Dada_wa_Famasia: Za kawaida ni zipi? Nataka jina lililo kwenye pakiti.

Mtu_wa_FreeArea: Enalapril, ya presha. Alianzishiwa muda mfupi kabla ya Pasaka. Lakini presha na kifua ni vitu viwili, na muuzaji amesema hakuna shida. Hiyo ya pua nimeshailipia.

Dada_wa_Famasia: Hakukuuliza kuhusu presha, au hukumwambia? Enalapril na dawa za jamii yake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, hata wiki au miezi baada ya kuanza. Dawa ya maji haitakitibu. Tena soma chupa yako: ikiwa na pseudoephedrine au phenylephrine, hizo hubana mishipa na zinaweza kumpandisha presha. Arudi kliniki wamwangalie. Wakiona ni enalapril, wanaweza kumbadilishia, kwa mfano losartan. Asiache tembe kwa uamuzi wake.

Mtu_wa_FreeArea: Ameshasema ataziacha, na mimi sikumpinga. Kliniki ni foleni ya kutwa, mzee anachoka.

Mwalimu_Mstaafu: Shemeji yangu aliacha hivyo hivyo kwa sababu alijisikia mzima. Leo amepooza upande wa kulia, analishwa. Vijana, mzazi hatunzwi kwa parseli. Nenda nyumbani.

Jicho_Pevu_Naks: Uzi wa kutungwa huu. Mtu alipe kwanza ndipo aulize? Ngojeni, karibu atatuuzia mitishamba.

Boda_wa_Kibuye: Hata mimi nilishtuka. Mara dawa za kawaida, mara jina kamili.

Mtu_wa_FreeArea: Siuzi chochote. Jina mama amenisomea kwa simu, herufi moja moja.

Jicho_Pevu_Naks: Basi tuwekee picha ya pakiti.

Dada_wa_Famasia: Picha ya nini? Wenye wazazi wa presha humu ni wengi. Na kikohozi kikipita wiki mbili apimwe TB pia, hospitali za serikali hawalipishi kipimo hicho.

Mtu_wa_FreeArea: Kemisti wamekataa kurudisha pesa. Kijiko kimoja tu cha usiku, ili mama alale, kitamdhuru kweli?

Dada_wa_Famasia: Chupa ibaki Nakuru. Mtumie mama nauli ya kumpeleka mzee kliniki kesho, waende na pakiti ya tembe.