Tupeane uzoefu: kubandua nembo za gari bila kuumiza rangi

Wakuu, wenye ujuzi wa kubandua nembo na maandishi ya nyuma ya gari, wekeni hapa utaratibu, vifaa na makosa yanayoharibu rangi.

—

Kabla ya kugusa chochote, jua nembo imeshikwa na nini. Maandishi membamba ya kwenye buti kwa kawaida yamebandikwa kwa tepu ya povu yenye gundi pande mbili. Nembo kubwa ya mtengenezaji mara nyingi ina vijiti vilivyopenya kwenye matundu ya bati. Fungua plastiki ya ndani ya mlango wa buti, mulika kwa tochi. Ukikuta matundu, fikiria upya: ukiing'oa utalazimika kuziba na kupiga rangi, na kabla ya hapo maji yanaingia ndani.

—

Osha kwa sabuni kwanza. Vumbi likinaswa chini ya uzi utakaokatia gundi linageuka msasa. Zungushia nembo masking tepu, inalinda rangi na kukuachia alama kama utairudisha.

Kisha drayer ya nywele, umbali wa sentimita 10 hivi, ukiihamishahamisha kwa dakika 2 au 3. Kipimo ni kiganja: bati liwe na joto, lakini mkono uweze kutulia juu yake. Bunduki ya joto ya karakana hapana. Hewa yake inaweza kupita nyuzi joto 500, na bampa la plastiki litapinda upesi.

Uzi mzuri ni mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Uzi wa kusafishia meno nao unafaa, ila hukatika upesi, basi ukunje mara mbili. Vaa glavu. Ingiza uzi nyuma ya nembo kuanzia juu, uvute huku na huku ukiulaza kwenye mgongo wa nembo, si kwenye rangi. Ukigoma, rudisha joto. Kinachotakiwa kukatika ni povu, na povu likipoa linakaza. Bisibisi na kisu visikaribie kabisa.

—

Mkuu kaeleza vizuri, mimi naongeza upande wa gundi inayobaki. Ipashe tena, isukume kwa kidole gumba ijiviringe. Ile ya mwisho iwekee kitambaa chenye mafuta ya taa kwa dakika chache, futa, kisha osha kwa sabuni. Zima drayer na uiweke mbali kabla ya kufungua chupa, mvuke unashika moto. Thina na asetoni msitumie, hasa kwenye rangi iliyorudiwa: inalainika na kutoka pamoja na gundi.

—

Hiyo ya rangi iliyorudiwa wengi huisahau, na ndiyo inayoleta hasara kubwa. Kagua mpira wa mlango wa buti. Ukiona chembe za rangi juu yake, gari limeshapita kwa fundi. Kama bati halikusagwa vizuri kabla ya kupigwa rangi, rangi itabanduka na tepu hata ukifuata kila hatua. Kuna pia wanaopiga rangi bila kutoa nembo. Ukiibandua hapo, unakuta ukingo wa rangi umeizunguka na chini yake rangi ya zamani. Polishi haiondoi ukingo huo.

—

Kuhusu kivuli cha nembo, yaani alama inayobaki pale ilipokuwa: rangi iliyofunikwa haikupigwa na jua, kwa hiyo iliyochakaa ni ile ya pembeni. Piga kompaundi laini (dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi) eneo lote linalozunguka, si juu ya kivuli peke yake, halafu nta. Rangi isiyo na vanishi ya juu itaacha rangi kwenye kitambaa, hilo ni kawaida. Vanishi ni nyembamba mno, mikroni 50 hivi. Kivuli kikigoma baada ya raundi mbili, acha. Ukiendelea utatoboa vanishi, na hapo dawa ni kupaka rangi paneli nzima.

—

Anayebandika nembo nyingine: futa eneo kwa spiriti ya isopropili, weka tepu mpya ya povu, bonyeza kila herufi kwa sekunde kadhaa. Gundi ya akriliki hufikia nguvu kamili baada ya takriban saa 72, hivyo mashine ya maji ya presha isubiri.