Naomba ushauri: stata inazunguka bila kugeuza injini kwenye baridi ya -25

Habari zenu wakuu. Niko Minneapolis, gari ni la petroli, silinda 4, gia za mkono. Baridi ikishuka chini ya nyuzi -20, asubuhi nikipiga stata inalia "wiiii" kwa kasi, injini haigeuki kabisa. Mara ya nne au ya tano inashika kwa kishindo, gari linawaka. Mchana haisumbui.

Betri sidhani: imetulia ina volti 12.6, na injini ikigeuka haishuki chini ya 10.2. Upotevu kwenye waya wa chanya ni volti 0.2, wa arthi 0.1. Oili ni 0W-20 (nyepesi, inayofaa baridi). Nimeshusha stata, meno ya bendiksi (gia ndogo ya stata, yenye klachi ya upande mmoja ndani) na ya flaiwili (gurudumu la injini ambalo gia hiyo hulizungusha) ni mazima, ila grisi ya kwenye shafti ni nyeusi, ngumu kama nta, imechanganyika na vumbi la klachi.

Nikishaisafisha, nipake grisi ya aina gani isiyoganda hata kwenye -30, au shafti ibaki kavu? Pia, bendiksi nikiizungusha kwa mkono inakaza upande mmoja tu, kama inavyotakiwa, lakini hapo ilikuwa ndani kwenye joto. Nikiilaza kwenye friza usiku kucha kisha niijaribu tena, kipimo hicho kinatosha kujua kama inateleza, au ninunue mpya tu?