ATI MACHO YANGU NDO YAMEZEEKA??? Fundi wa taa za kabati, Nakuru yote mnamjua

mama_kiamunyi
Sitataja jina. Sina haja, si mnamjua, yule wa pikipiki iliyofungwa ngazi na raba, ukimpigia anasema "niko hapo kwa kona" na kona yenyewe iko Njoro. Huyo huyo. Leo amesimama jikoni kwangu, chapati yangu mkononi, mama mkwe ametoka Bungoma na kuku amekaa pale pale, akaniambia "mathe, taa ziko sawa, ni macho yako yamezeeka." Niko na miaka 34!!!

Wacha nianze mwanzo. Ama wacha, nianze na chapati. Alikuwa aje saa mbili, akaingia saa nne na nusu, na hata hiyo nadhani ni harufu ya chapati ilimfikia huko alikokuwa. Nilikuwa nimemwambia wiki iliyopita, Kiswahili ya kueleweka kabisa, nataka taa chini ya makabati ya juu, mwanga wa manjano manjano kama wa jioni, niongeze nikikata sukuma, nipunguze watoto wakilala. Basi. Akaleta nyeupe ya 6500, ile namba ya rangi ya mwanga, jikoni imekuwa mochari, nyanya zinakaa kijivu, mimi nikijiona kwa dirisha nadhani ni marehemu amekuja kuosha vyombo. Nikasema sawa, washa tuone. Zikawaka. Nikasema punguza. Akazungusha dima, hapo ndo shetani akaingia, zikaanza kupepesa tap tap tap kama matatu ya usiku, na kale kadude ka stima alikoficha juu ya kabati kakaanza kulia zzzzz unadhani nyuki wamehamia. Mama mkwe akashika ukuta akaanza kukemea. Nikamwambia fundi, hizi taa zinapepesa. Akaangalia juu. Akauma chapati. Akatafuna. AKAMEZA. Ndo akasema yale maneno ya macho.

Na upande wa sinki zinawaka, upande wa friji zimefifia ni kama zinakata roho, lakini ni macho yangu. Strip, ule mkanda wa taa, aliibandika kwa mbao yenye mafuta ya miaka mitatu bila hata kupanguza na kitambaa, hakuwa amefika barabarani ikabanduka kimyakimya ikaning'inia hadi ndani ya sufuria. Mchuzi ukawaka. Hiyo kuku imekufa ikiona kuliko mimi. Elfu nane nimelipa, na saa hii mama mkwe ameniuliza polepole kama nimewahi kupimwa macho. CHAPATI YANGU MKONONI jameni.

baba_pipeline
Tuanze na ya maana. Chapati alikula ngapi

mama_kiamunyi
Nne

baba_pipeline
Nne si fundi, huyo ni mpangaji 😂😂

waya_moto_lanet
Pole dada. Huyo amekuwekea dima ya zile balbu za zamani za nyuzi. Hizo dima zinataka mzigo mkubwa, LED zinakula kidogo sana ndo maana zinapepesa. Na draiva yenyewe, hako kadude ka juu ya kabati, nina hakika si ya kupunguzwa, ndo inalia hivyo. Hebu soma ile karatasi imebandikwa kwa draiva.

mama_kiamunyi
12V 3A

waya_moto_lanet
Hiyo ni wati 36. Na strip?

mama_kiamunyi
Pakiti inasema wati 14.4 kwa mita, ameweka mita 5

waya_moto_lanet
Wati 72 juu ya draiva ya 36!!! Hapo punda mmoja amebebeshwa mizigo ya wawili. Zima leo, usilale ikiwa imewaka. Tafuta draiva ya wati 90 hivi ibaki na pumzi, na waya za 12V kutoka kwa draiva ziingie strip pande zote mbili ndo huko kwa friji kusififie. Halafu uchague, ama draiva ya kupunguzwa inayoelewana na dima ya LED ya ukutani, ama draiva ya kawaida na kadima kadogo ka 12V kakae kati ya draiva na strip, hapo ukutani unaweka swichi tu. Na ukinunua strip sema 2700 ama 3000, usiseme manjano, ukisema manjano utaletewa za krismasi.

mama_kiamunyi
Asante, lakini umeskia venye aliniambia? MACHO. Mbele ya mama mkwe.

mzee_section58
Na alibandika wapi, nyuma kwa ukuta ama mbele karibu na mlango wa kabati? Inafaa mbele, mwanga uangukie kaunta. Ukiweka nyuma unaangazia vigae.

baba_pipeline
Mbele na kaunta ni graniti? Utaona nukta nukta kama upele. Mbele ni lazima strip iingie kwa chaneli ya alumini na kile kifuniko cheupe kama maziwa. Nimeishi na hizo nukta mwaka mzima, niulize mimi.

mzee_section58
Kumbe unajua taa, na umekuja kuhesabu chapati.

wa_kondele_tu
Nakuru mmekuwa jiji tangu 2021 na bado mnapikia mochari 😂 lakini sicheki sana. Huku Kisumu plamba aliniwekea sinki, nikifungua mfereji wa moto maji inatoka kwa shawa, huko bafu. Mtu akioga na mwingine aoshe vyombo lazima tupigiane simu kwanza.

wifi_wa_bungoma
Mama ameniambia nikuambie hata siku ya harusi ulikuwa unakunja macho.

mama_kiamunyi
WEWE NANI AMEKUINGIZA HAPA

mulembe_kakamega
Plamba ni afadhali. Seremala wangu alipima jikoni na hatua za miguu, ati ana jicho. Kabati limekuja, droo haifunguki, inagonga friji. Nikamuuliza, akasema friji ndo kubwa. Tumehamisha friji sebuleni, wageni wanakaa na maziwa.

wa_kondele_tu
Huyo seremala ni yule wa kofia ya kijani ama?

mulembe_kakamega
HUYO HUYO

baba_pipeline
Mimi nauliza tu, fundi analishwa ama halishwi? Kwetu ni chai na mandazi mbili, basi.

mzee_section58
Usipomlisha anakata waya fupi.

mama_kiamunyi
Jameni tulikuwa tunaongea taa

njoro_kwa_kona
Taa gani? Mimi niliingia hapa kwa ile ya sinki. Hiyo ya simu mlisuluhisha aje, mwenye anaoga anaenda na simu bafu?