Mjadala: Je, wema wa wafanyakazi wenzetu humfichia kiongozi mbovu makosa yake?

Mleta hoja, Malaba

Ndugu wachangiaji, mimi ni karani wa nyaraka katika kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, na katika miaka yangu sita ya kazi hii nimejaliwa wenzangu wema kupita kiasi. Mmoja akiuguliwa na mtoto, mwingine hushika zamu yake. Mshahara ukichelewa, tunachangiana hata nauli ya bodaboda. Meneja wetu ndiye mtihani. Hakuna tamko la mzigo linalotumwa kabla hajaliona yeye, ilhali simu yake huzimwa kuanzia saa tisa alasiri. Lori likikwama, humkemea karani mbele ya madereva, kisha jioni huwaarifu wakurugenzi kwamba mambo ni shwari.

Tangu utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, yaani nchi za Afrika Mashariki kutoza ushuru kama eneo moja, uanze mwaka 2014, kodi ya mizigo yetu hulipwa kabla lori halijaondoka Mombasa, kwa hiyo kosa la karatasi linalogunduliwa hapa huwa limekwisha kuvuka Kenya nzima. Mwezi uliopita kosa la namna hiyo, la uzito, lilitoka katika hati aliyoiharakisha meneja mwenyewe. Tulikesha wanne tukaisahihisha, lori likavuka alfajiri, na sifa akapewa yeye. Tangu siku hiyo ninashuku kwamba lau tungelala majumbani mwetu, wakurugenzi wangelazimika kuuliza maswali.

Mchangiaji, Jinja

Ninakupinga, ndugu yangu. Dereva ambaye angelala mpakani siku mbili amekosa nini? Isitoshe, wakurugenzi wakiuliza, wa kwanza kuitwa ni karani. Kiwandani kwetu tuliwahi kuacha kuzibiana mapengo ili msimamizi aumbuke, na aliyepoteza kazi akawa kijana wa stoo, asiyekuwa hata na habari ya mpango wetu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza kwa utovu wa nidhamu, na mlango wa afisa kazi wa wilaya uko wazi. Lakini mtu anayedaiwa kodi ya nyumba atasubiri uamuzi mpaka lini? Wenzako ndio ukuta uliobaki. Usiubomoe ili kumwonyesha tajiri ufa.

Mchangiaji, Mbale

Hama. Kwanza hakikisha kwamba asilimia 10 ya mshahara anayochangia mwajiri na asilimia 5 yako zinafika NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi, kwa sababu kiongozi mzembe wa nyaraka huwa mzembe wa mengine. Kwa miaka sita, Sheria ya Ajira hiyo hiyo inataka notisi ya miezi miwili. Ianze kuhesabiwa sasa.

Mleta hoja, Malaba

Ndugu wa Jinja, kuhusu dereva umenishinda, ninakiri. Hata hivyo hujanishawishi kwamba ni lazima tusaidiane kimyakimya. Tunaweza kuendelea kukesha, na wakati huohuo kuandika katika daftari saa tuliyoanza, kosa lilikotoka na aliyelirekebisha, kisha nakala iambatane na taarifa ya wiki inayokwenda kwa wakurugenzi. Wakitaka kumwita karani, watamwita wakiwa wamekwisha kusoma.

Ndugu wa Mbale, ya NSSF nimeyaangalia na michango yangu imefika. Kuhama nimekufikiria, ila tumo tisa tu ofisini, na meneja hajawahi kuharakisha kujaza nafasi ya mtu aliyeondoka. Zamu zangu zitawaangukia wale wanane ambao kwa ajili yao nimevumilia hadi leo.

Daftari nimelifungua juzi. Wenzangu wawili wametia sahihi. Wa tatu, ambaye usiku ule ndiye aliyeliona kosa la uzito kabla yetu sote, ameniomba jina lake lisionekane popote, na sijapata neno la kumlaumu.