Flutter, React Native au Compose: nifundishe ipi hapa Kisumu?

FundiKondele, Jumanne, saa 2:10 usiku
Wasee, habari za jioni. Nimeombwa kuwafundisha vijana mfumo mpya wa kuunda programu za simu, wa kuandika msimbo mara moja ukaenda Android na iPhone. Ni siku mbili, Jumamosi na Jumapili, hapa mjini. Mwenye ukumbi anataka kianzio kufikia Ijumaa, na tangazo lazima litaje tunachofundisha. Nimekwama kati ya Flutter, React Native na Compose Multiplatform. Nyinyi mngechagua ipi?

kibuye_kotlin
Compose, hakuna mjadala. Si umesema mfumo mpya? React Native iko nje tangu 2015, Flutter 1.0 ilitoka Desemba 2018. JetBrains wametangaza upande wa iPhone wa Compose kuwa imara Mei 2025 tu. Hizo nyingine waachie wazee.

mama_wa_msimbo
Subiri kwanza. Fundi, vijana ni wangapi? Wanajua lugha gani? Laptopu zao zina RAM kiasi gani? Umeuliza kama mtu aliyeingia duka la dawa akasema "nipatie dawa".

FundiKondele
Pole mama. Ni 18 hivi. Wengi wamegusa JavaScript chuoni, wawili watatu Java. Laptopu ni za mtumba, nyingi 4GB. Simu kila mtu anayo, zote Android.

mama_wa_msimbo
4GB! Hapo ndipo ungeanzia. Android Studio, programu ya kuundia programu za Android, yenyewe inataka 8GB, na hiyo ni kabla hujafungua emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya laptopu. Chukua React Native kwa njia ya Expo, zana za kuirahisisha. Kila mmoja anaweka programu yao ya Expo Go kwenye simu, laptopu inatoa mraba wa QR, anaulenga kwa kamera na programu yake inafunguka mkononi. Kwenye laptopu kunabaki Node, ya kuendesha JavaScript, na kihariri cha msimbo tu. Na JavaScript wanaijua tayari, mbona uwaanzishe Dart, lugha ya Flutter, Jumamosi asubuhi?

Njoro_254
Nisikilizeni mimi niliyeungua. Mwaka jana niliendesha mafunzo ya Flutter hapa Nakuru, watu 12. Niliwaambia waje wameshaiweka. Walioiweka walikuwa watatu. Wengine tisa wakaanza kupakua kwa waifai moja ya ukumbi, Flutter yenyewe na SDK ya Android (vifaa vya kujengea programu zake), zote pamoja. Kufika saa tano waifai imelala. Nikawasha hotspoti ya simu yangu, nikanunua bando kwa pesa yangu, simu ikawa moto hadi nikaiweka juu ya chupa ya maji baridi. Waliofaulu kupakua wakabonyeza kuendesha, sasa Gradle, zana inayojenga programu ya Android, nayo ikaanza kuvuta vitu vyake. Anayeijua anajua: mstari mmoja kwenye skrini nyeusi na kialama kinazunguka, kinazunguka, hakisemi kimefika wapi. Tukaenda kula, tukarudi, bado kinazunguka. Halafu stima ikapotea.

Saa tisa binti mmoja ndiye wa kwanza kupata programu kwenye simu. Akabadilisha rangi ya kitufe kutoka buluu hadi kijani, akahifadhi, na simu ikabadilika papo hapo. Programu yake ilikuwa ya kuhesabu mibonyezo, na namba aliyokuwa amefikia haikurudi sifuri. Wote wakaacha viti wakaenda kusimama nyuma yake. Kwa hiyo Flutter siitupi. Kosa lilikuwa langu, ningebeba kila kitu kwenye fleshi. Na Flutter huchora vitufe vyake yenyewe, haiombi simu, kwa hiyo kila kijana anaona kitu kilekile hata kama simu ni ya zamani.

kibuye_kotlin
Na Google, wenye Flutter, wakichoka nayo je? Mnajua tabia yao ya kufunga miradi.

dala_dev
Omera, kwani hiyo Android unayoegemea ni ya nani? Na kampuni ya Airbnb waliiacha React Native 2018, ikakufa? Haikufa.

kibuye_kotlin
Sijasema imekufa. Nasema Kotlin, lugha ya Compose, ukiijua, Android umeijua kabisa. Kwenye Android, Compose Multiplatform ni Jetpack Compose ileile ya Google ya kuundia skrini za Android.

mama_wa_msimbo
Kwa laptopu ya 4GB hataijua, ataisubiri.

MsafiriBusia
Samahani, kwani iPhone zinatoka wapi katika hii hadithi? Mimi nimewauzia programu wauza omena, na pale ufuoni Dunga sijaona hata moja. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, tena huwezi kujenga ya iPhone bila Mac. Google Play ni dola 25 mara moja basi. Wafundishe Android peke yake, waende nyumbani.

mama_wa_msimbo
Mac si lazima uwe nayo, Expo watakujengea kwenye seva zao. Akaunti ya Apple ndiyo hutaikwepa. Na hiyo ya dola 25 usiisifu sana: akaunti mpya ya mtu binafsi inadai wajaribu 12, siku 14 mfululizo, ndipo ukubaliwe kuchapisha. Mimi niliandikisha mpaka shemeji yangu wa Lugari, na kila jioni ananipigia kuuliza kama ameshajaribu vya kutosha.

dala_dev
Mama nina akaunti mpya, naomba shemeji.

Njoro_254
😂😂 Fundi, tahadhari moja kuhusu Expo. Kwa njia ya kawaida simu na laptopu zinatakiwa ziwe kwenye mtandao mmoja, na kuna waifai zinazozuia vifaa visionane. Jaribu palepale ukumbini kabla hujalipa. Tena toleo la Expo Go na la mradi yasipolingana, inakataa kufungua. Andaa mradi mmoja nyumbani, wote wanakili huo.

FundiKondele
Asanteni. Nilisahau kusema: aliyeniita anataka mwisho wa siku ya pili wawe na programu ya kurekodi michango ya chama. Na amependekeza Flutter, kuna mtu alimwambia.

kibuye_kotlin
Sasa umeuliza nini kama imeshachaguliwa?

FundiKondele
Amependekeza tu, hajalazimisha. Nimempigia mwenye ukumbi kuhusu waifai, hakujibu hilo. Amesema soketi ni sita.

mama_wa_msimbo
Soketi sita, laptopu 18 za mtumba? Betri hizo hazimalizi utambulisho.

MsafiriBusia
Jenereta ipo?

FundiKondele
Sikuuliza. Kesho napita.

Njoro_254
Nina ekstensheni mbili, nitazituma na matatu ya asubuhi. Moja tundu la mwisho limeungua, usilitumie.