Mwalimu wa Kiingereza akichanganya Kiswahili darasani, kosa lake nini?

Mleta mada:
Wadau habari za jioni. Kuna mtu kaandika kwamba ticha wa Kiingereza anayeongea Kiswahili kwenye kipindi anaua lugha na aandikiwe barua ya onyo, na watu wamemuunga mkono kweli kweli. Mimi nafundisha shule ya msingi ya serikali na hilo nalikataa. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeshusha Kiingereza mpaka darasa la kwanza, yaani mtoto anakuja hajawahi kukisikia nyumbani, wamebanana kwenye dawati, halafu nimmwagie Kiingereza kitupu tangu mlangoni? Atakaa kimya tu.

Nachofanya mimi, nikifundisha in, on na under, mtoto mmoja anatoka nje, wenzake wanaficha kizibo cha soda. Maelekezo ya mchezo natoa kwa Kiswahili, dakika moja haiishi. Akirudi ndo Kiingereza kinaanza, lazima aulize "Is it under the book?" na darasa zima linamjibu "No, it isn't!", anauliza tena, "Is it in the bag?", mpaka akipate, na hapo kila mtu ananyoosha mkono anataka atoke yeye. Ningeelekeza kwa Kiingereza, kipindi kingeisha hawajajua kizibo cha nini.

Mchangiaji 1:
Mwalimu hapana. Kidato cha kwanza baiolojia, jiografia, hesabu, vyote vinageuka Kiingereza na mitihani pia, huyo uliyemzoesha kutafsiriwa atamkimbilia nani? Wa inglishi midiamu mbona wanaweza?

Mleta mada:
Wa inglishi midiamu anakisikia kutwa nzima karibu kila somo, wangu anakisikia kipindi kimoja halafu anarudi kwenye Kiswahili, usiwapime kwa kipimo kimoja. Na hiyo kidato cha kwanza unayoisema ndo inanifanya nitake mtoto afungue mdomo mapema, maana wengi wanafika kule wameandika madaftari yamejaa ila hawajawahi kuuliza swali moja kwa Kiingereza.

Mchangiaji 2:
Shida ni walimu wenyewe, wengine hakipandi. Ukiwafungulia huo mlango kipindi kizima kitapigwa Kiswahili, utawazuiaje?

Mleta mada:
Hapo umenishika, hiyo ipo na inaniuma. Ndo maana nasema Kiswahili kiwe na mahali pake, kuelekeza shughuli na kufafanua neno gumu, basi, na ticha aandike kabisa kwenye andalio la somo ni hatua ipi atakitumia. Sasa hivi mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija anaanza na makaratasi, andalio lipo, azimio la kazi lipo, zana zimebandikwa ukutani. Naomba akae nyuma ya darasa ahesabu ni watoto wangapi wameongea sentensi yao wenyewe, sio kuitikia "Yes teacher" kwa pamoja. Ticha ambaye hakipandi ataonekana hapo hapo, na apelekwe mafunzo, barua haitamfundisha Kiingereza. Mnaofundisha darasa la kwanza na la pili, kwenu mnafanyaje?