Kituo cha pampu za majitaka: bosi anataka bomba la milimita 150, muuza pampu anasema 100. Nani yuko sahihi?

Mchoraji_wa_Chini
Wakuu habari zenu. Nimepewa kazi ya kudizaini kituo cha kusukuma majitaka cha makazi mapya, yakijaa yatakuwa na watu kama 2,000. Vile vituo vinavyouzwa vikiwa vimekamilika havitufai, eneo ni finyu, bomba linaloingia liko chini mita 4 na maji ya ardhini yako juu, kwaiyo lazima tuchore cha kwetu.

Hesabu zangu: lita 150 kwa mtu kwa siku, asilimia 80 inarudi kwenye mfumo, hapo ni 240 m³ kwa siku yaani wastani wa lita 2.8 kwa sekunde, nikazidisha mara 4 kwa zile saa ambazo kila mtu anaoga na kufua, nikaongeza kidogo ya mvua inayopenya, nikafika lita 12 kwa sekunde. Bomba la kusukumia ni mita 900 na linapanda mita 11.

Sasa bosi anataka bomba la 150 na kisima cha kukusanyia majitaka cha kipenyo mita 3 chenye mita 2 za maji kati ya kuwaka na kuzima, anasema "tujenge kikubwa, watu wataongezeka". Muuza pampu yeye anasema 100 inatosha sana. Nimekaa katikati kama mshenga. Msaada tafadhali.

FundiPampu
Mkuu, muuza pampu anauza pampu, si ndio kazi yake. Kwenye 100 mm ya ndani hizo lita 12 zinakwenda mita 1.5 kwa sekunde, mwendo sio mbaya, ila msuguano peke yake kwa mita 900 unakula kama mita 24 za hedi (kimo ambacho pampu inapaswa kusukuma), weka na 11 za mwinuko unafika 35, mota inakuwa kubwa na umeme utalipwa miaka yote. Kwenye 150 msuguano unashuka mpaka mita 3 na kitu tu. Mimi ningemsikiliza bosi.

BintiMitambo
FundiPampu hesabu yako iko sawa kabisa ila umeangalia siku ambayo watu wote 2,000 wameshahamia. Mwaka wa kwanza watakuwa wangapi? Tuseme robo. Hapo yanaingia kama 2.5 m³ kwa saa, na bomba la 150 lenye urefu wa mita 900 linabeba karibu 16 m³, maana yake uchafu unalala humo ndani zaidi ya saa 6 kabla haujatokea upande wa pili. Majitaka yakikaa hivyo bila hewa yanaoza, yanatoa ile gesi ya mayai viza, na gesi hiyo ikifika kwenye chemba ya kutokea inageuka asidi juu ya ukuta wenye unyevu na zege linaanza kulika, unakuta mfuniko na ngazi vimechakaa wakati mradi bado mpya.

Halafu kwenye 150 mwendo ni mita 0.68 kwa sekunde tu, hapo uko ukingoni, mchanga ukitulia kwenye sehemu za chini haunyanyuki tena kirahisi.

Jaribu bomba lenye kipenyo cha ndani kinachokaribia 125. Mwendo unakuwa karibu mita 1 kwa sekunde, msuguano kama mita 8, jumla ukiweka na viungo na valvu ni kama 20. Bomba linabeba 11 m³ badala ya 16. Robo ya watu bado utakuwa na saa 4 na kitu, haijaisha shida ila unaweza kuishi nayo, na chemba ya kutokea ipakwe kinga ya asidi tangu siku ya kwanza.

Kisima cha bosi sasa. Kipenyo cha 3 na kina cha 2 ni 14 m³ za kuchezea, kwa robo ya watu pampu itasubiri zaidi ya saa 5 ndio iwake!! Mafuta yatagandia juu, tope litalala chini. Kanuni ya ujazo kati ya kuwaka na kuzima ni rahisi: chukua sekunde za mzunguko mmoja, zidisha na pato la pampu, gawanya kwa 4. Pampu inayoruhusiwa kuwaka mara 10 kwa saa ina sekunde 360, zidisha na lita 12, gawa 4, unapata lita 1,080. Basi. Kwenye kipenyo cha 1.8 hiyo ni sentimita 42 tu kati ya kuwaka na kuzima. Na ukiweka pampu mbili zinazopokezana, kila moja inawaka nusu ya hapo, hiyo iache iwe akiba yako.

Bosi akitaka nafasi ya baadaye mwambie aiweke kwenye kile ambacho hakibadilishiki, yaani zege, mashimo ya mabomba kwenye ukuta, upana wa mfuniko, chumba cha paneli. Pampu zenyewe chagua za sasa, kesho utabadilisha impela (ile feni ya ndani inayosukuma maji) au pampu nzima.

Mzee_Valvu
Nakubaliana na dada hapo juu. Umesema maji ya ardhini yako juu, je umepiga hesabu ya kisima kuelea? Kipenyo cha nje mita 2 kikizama mita 5 kwenye maji kinasukumwa juu kwa karibu tani 16, na zege ukilizamisha linapoteza tani nzima kwa kila mita ya ujazo, la 2.4 linabaki na 1.4. Niliwahi kuona kisima cha faibaglasi kimenyanyuka usiku mmoja baada ya mvua, kikaondoka na mabomba yake, mkandarasi alikuwa hajamwaga zege la kukishikilia, ati atamwaga wiki ijayo.

Valvu zote ziweke kwenye chemba ya pembeni, sio ndani ya kisima. Pampu ishuke na kupanda kwa reli na mnyororo ili mtu asiingie humo chini kwa sababu ya nepi iliyonasa. Na mwambie kila mtu kwamba ile gesi ikizidi pua inaacha kuinusa, kwaiyo "hainuki" sio kipimo.

Mchoraji_wa_Chini
Aisee asanteni. Swali la mwisho, nikiweka inveta (kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota) si pampu itapunguza mwendo yenyewe watu wakiwa wachache?

BintiMitambo
Kwa kiasi tu kaka. Hedi inashuka kwa mraba wa mwendo wa pampu. Pampu ambayo valvu ikifungwa inatoa mita 28, ukiishusha hadi asilimia 60 inabaki na 10, na mwinuko wako ni 11, itazunguka bila kutoa hata tone huku inachemka na kukusanya matambara. Ukiweka inveta funga kikomo cha chini, mimi nisingeshuka chini ya pale bomba linapata mita 0.7 kwa sekunde, na kila siku ipige mara moja kwa nguvu zote isafishe bomba.

FundiPampu
Na floti mbili za kawaida (swichi zinazoelea juu ya maji) ziwepo hata kama una sensa ya kisasa ya kupima kina cha maji. Povu likijaa ile ya mawimbi ya sauti inasoma povu.